Fulana ya Signe

Kabla hawajatoka mji wa Nebaj, Feliciana Ceto aliwapa watalii wake masharti, kama anavyowapa wote. Maji msinywe popote bila kuniuliza. Mbwa akiwajia, inameni kama mnaokota jiwe, hata kama jiwe hakuna. Na watoto wa watu msiwaguse, msiwapige picha, msiwape peremende. Hili la mwisho alilirudia huku amemkazia macho yule msichana, Signe, aliyekuwa na uso wa mtu anayependa watoto. Milimani huku hadithi za wageni wanaoiba watoto huwa hazifi. Hulala tu, na zikiamka haziulizi nani mwema nani mbaya.

Signe aliitikia kwa adabu. Mwenzake, Mikkel, alikuwa anahangaika na mikanda ya shanta lake, shanta kubwa kama ndama. Wote wawili walikuwa Wadenmaki, warefu, wekundu puani kwa jua, na walichotaka ni safari fupi tu: kuvuka mlima kwa miguu, kulala vijijini, kisha kushukia upande wa pili kwenye barabara ya basi.

Feliciana naye alibeba shanta lake, na chini ya shanta alibeba kingine ambacho hakumwambia mtu. Alikuwa na mimba. Ilikuwa changa, bado haijacheza, na ilikuwa ya tatu. Zile mbili za kwanza zilitangazwa mpaka sokoni. Domingo, mumewe, hakuweza kufunga mdomo, mama mkwe akachinja bata mzinga, majirani wakaja na hongera zao na sukari. Zote mbili zikatoka kabla sketi haijambana. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Haya, Feliciana alikuwa ameufunua mara mbili na hakuzaa. Safari hii aliapa kwamba hatajua mtu, si mama yake, si Domingo aliyekuwa pwani akikata miwa, mpaka kitoto chenyewe kicheze na kujitangaza.

Ndiyo maana hata hii kazi hakuikataa. Mlima haukumtisha. Wanawake wa huku hupanda milima na mimba kubwa, na mzigo wa kuni juu yake. Lakini mwongoza watalii ambaye hajawahi kukataa safari, siku akikataa, watu watauliza kulikoni, na Nebaj watu wakiuliza hawaachi mpaka wajibiwe.

Kwa hiyo alipanda, akiwaonyesha wageni wake mashamba ya viazi na kondoo kwenye ukungu, na roho yake iko mkononi. Kila alipoenda kichakani alijitazama kwanza, akitafuta damu. Hakuiona. Alirudi akitabasamu, na Mikkel akafikiri mwanamke huyu ni mtu wa furaha sana.

Jioni walifika Tzibalán, kwa Nicolás na mkewe Petrona, ambako Feliciana huwalaza wageni wake siku zote. Nyumba ni ile ile ya mbao, jiko la kuni katikati, moshi unatoka unapopajua. Kilichokuwa kipya ni mtoto. Gaspar alikuwa ameanza kuketi akishikiliwa, mashavu yamejaa, kofia nyekundu kichwani, na alimcheka kila mtu aliyeingia kana kwamba alikuwa anamsubiri yeye.

Mgeni wa kike akiingia kwenye nyumba yenye mtoto, humbeba. Hilo halihitaji kuambiwa. Lakini pembeni mwa moto aliketi nana Engracia, nana kwa heshima ya uzee, mama yake Nicolás, mkunga wa vijiji vyote vya upande ule. Ndiye aliyekuwa na Feliciana mara zote mbili, akamkanda tumbo, akamwogesha, akavizika vile visivyofikia kuitwa watoto. Mkunga yule alikuwa haulizi. Humtazama tu mwanamke anavyompokea mtoto, mkono anauweka wapi, kiuno anakikinga vipi, kisha akajua. Feliciana aliogopa macho yale kuliko kitu chochote njiani. Basi alienda kuketi upande wa pili wa jiko, akasema miguu inamuuma, na kutoka kule akamtazama Gaspar.

Alimtazama wakati yeye mwenyewe anakula maharage. Alimtazama wakati Petrona anamnyonyesha, na alipokuwa anachezea kijiko, na alipolala mdomo wazi. Alimtazama kwa njaa, tuseme ukweli. Na alijua anachokifanya. Kila mtu milimani anajua kuwa damu ya mjamzito ina moto, na jicho lake likimpenda mtoto mchanga bila mkono kufuata, mtoto huungua ndani. Jicho la huku halihitaji husuda wala roho mbaya. Kupenda kunatosha. Na dawa yake ni rahisi: unambeba, unampapasa, unampaka jasho lako, basi. Hakuna mama anayechukia. Mama mwenyewe hukuambia mshike, nawe unamshika.

Signe naye alipendezwa. Alisema kwa Kihispania chake cha kuokoteza kwamba mtoto ni mzuri, mzuri sana, mikono ameifunga nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, maana ameambiwa asiguse. Petrona alimsogezea mtoto kidogo. Signe akarudi nyuma.

"Mwambie ambebe," Petrona alimwambia Feliciana. "Atatuachia jicho hapa."

Ingekuwa rahisi kumwambia Signe kwamba hapa ni ruhusa. Lakini akishambeba Signe, Petrona atamgeukia Feliciana na kusema, na wewe je? Feliciana akacheka, akasema wazungu wana haya zao, na ile kofia nyekundu inatosha kumkinga mtoto. Nana Engracia akachochea moto.

Asubuhi Gaspar aliamka analia. Petrona alidhani ni gesi. Feliciana aliwaharakisha wageni wake wanywe kahawa, akafunga shanta, akaaga akiwa mlangoni. Njia nzima ya kupanda alijiambia watoto hulia, ndiyo kazi yao.

Walikuwa wamepumzika kwenye misonobari, karibu na kupita mgongo wa mlima, walipomwona Nicolás anakuja mbio, ameshika kofia mkononi. Feliciana alisimama kabla hajaitwa. Nicolás alikunywa maji ya Mikkel, akashika magoti, akasema mtoto anatapika. Titi halitaki. Jicho moja limekuwa dogo kuliko jingine. Nana Engracia amempitishia yai mwilini, akalivunja, na yai limeonyesha jicho, wazi kabisa. Alisema yote hayo bila kumtazama Signe, kwa heshima.

"Sikuja kwa ubaya, dada Feliciana," alisema. "Naomba nguo yake tu. Aliyoivaa, yenye jasho. Tumfunike nayo."

Feliciana alitafsiri. Signe aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, kisha akaenda nyuma ya mti, akarudi amevaa koti, na ile fulana ya buluu aliyotembea nayo tangu jana akaikabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa amepauka. Aliuliza amefanya nini. Feliciana akasema hujafanya kitu, ni desturi tu.

Hapo Feliciana alifanya hila. Alivua shali yake, iliyokuwa imelowa jasho la shingoni na mgongoni, akaanza kuizungushia ile fulana, akisema baridi ya njiani itaikausha, bora uifunge na hii, na mkimfunika mfunikeni na vyote. Aliongea haraka mno. Nicolás aliipokea, akaifungua, akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Utapata baridi wewe," alisema. "Huko juu kuna upepo."

Akateremka mbio na fulana peke yake. Feliciana alibaki ameshika shali. Angeweza kumwita. Sauti ilikuwepo, mtu alikuwa bado yu karibu, na neno lenyewe ni fupi. Aliuma midomo mpaka kofia ya Nicolás ikapotea kwenye miti.

Waliendelea. Mikkel alijaribu mzaha, akasema akirudi kwao atafungua duka la fulana zilizovaliwa. Hakuna aliyecheka, naye akanyamaza, maana hakuwa kijana mbaya. Walipofika juu wakatoa chapati za mahindi na jibini. Feliciana alikunja chakula chake tena bila kukila. Tumbo lilikuwa joto, na kwa kuwa lilikuwa joto aliogopa, akaenda kichakani kujitazama tena. Hakuna damu. Badala ya kufurahi akaona aibu, kwamba wake anakaa salama wakati wa mwenzake anatapika.

Pale juu mtandao hushika. Alipiga simu ya Petrona. Ikapokewa na nana Engracia.

Fulana haijasaidia, nana alisema. Wamemfunika, wamemsugua kwa ruda, majani ya dawa, na bado anaungua. Zahanati imefungwa, muuguzi ameitwa mjini kwenye mkutano. Pikapu ya kumpeleka hospitali imeagizwa, ila iko Acul inashusha mbao. Wanampa maji ya sukari na chumvi kwa kijiko, na anayarudisha.

"Mlete yule msichana," alisema. "Hatumfanyi kitu. Ambebe tu."

Feliciana alisema wameshafika mbali, nana, wako juu kabisa, na wana basi la kuwahi.

"Haya," alisema nana Engracia, akakata.

Wazee wa huku wakisema haya, mazungumzo yamekwisha na hukumu imebaki kwako. Feliciana aliketi juu ya jiwe. Alijiambia kuwa yeye amesoma. Alijiambia ni tumbo tu, maji machafu, pikapu itafika, daktari atamtundikia dripu. Kisha akajiambia: na kama si tumbo? Alijua vizuri kwamba atashuka kule upande wa pili, atawapandisha watalii basi, atarudi Nebaj kwa barabara ya lami, na siku moja sokoni mtu atamwambia habari za mtoto wa Nicolás. Siku hiyo atasimama na kapu la nyanya mkononi na hatakuwa na wa kumwambia. Na akisema leo? Akisema leo watajua wote, na ikijulikana itatoka, kama zilivyotoka zile. Hilo lilikuwa ndani yake kama mwiba. Hakuna aliyemfundisha, ni maisha yalimfundisha mara mbili.

Akainuka, akasema wanarudi.

Mikkel alitoa simu, akahesabu mabasi na ndege, akauliza kwa nini. Signe alikuwa ameshavaa shanta.

"Watanipiga?" Signe aliuliza. Alikuwa amesoma mambo kabla ya kuja. Wote husoma.

"Hakuna atakayekugusa," Feliciana alisema. "Wewe ndiye utakayemgusa yeye."

Kuteremka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Mawe yalikuwa na utelezi wa ukungu, na Feliciana, aliyewahi kuteremka pale akiimba, sasa aliweka kila mguu kana kwamba amebeba mtungi wa maji umejaa mpaka mdomoni. Haraka ilimsukuma, hofu ikamshika kiuno. Mara mbili Mikkel alimpita, akalazimika kumsubiri, akamwangalia kwa mshangao. Njiani aliamua atasema. Mbele kidogo akaamua hatasema, kwamba Signe akimbeba huenda ikatosha, kwani naye si alitazama? Alifika kijijini bado hajui.

Nje ya nyumba walikuwa wamesimama wanaume, kofia zimeshushwa, mikono mifukoni. Hawakusalimia. Huku mtu hata akikuchukia hukusalimia kwanza, kwa hiyo Feliciana alisikia ule ukimya mgongoni. Signe alimshika mkono. Mikkel alivua miwani ya jua, sijui kwa nini, labda ili waone macho yake.

Ndani, Petrona alikuwa chini kwenye mkeka, Gaspar mapajani, amefunikwa fulana ya buluu yenye maandishi ya lugha ya Signe. Mashavu yalikuwa yamelegea. Alikuwa halii tena kwa nguvu, alikuwa anatoa kijisauti tu, kama mlango usiotiwa mafuta. Petrona alimwinua mtoto na kumweka mikononi mwa Signe.

Signe alimbeba vizuri, lazima isemwe. Alimlaza kifuani, akampapasa mgongo kama alivyoelekezwa, akafuta jasho la kipaji chake na kumpaka mtoto kipajini, akamwimbia kitu cha kwao huku machozi yanamtoka. Watu walisubiri. Nana Engracia alishika unyayo wa mtoto kupima moto wake, akatikisa kichwa. Gaspar akatapika kidogo kwenye koti la Signe, maji matupu, kisha kichwa kikaangukia pembeni.

Mlangoni mwanamume mmoja akasema taratibu, "Labda hakumtazama tu."

Neno lile lilipita mlangoni likatoka nje, na nje wakaanza kunong'ona. Labda alimpa kitu. Labda mwenzake alimpiga picha. Walikuja kufanya nini hasa, hawa? Signe hakuelewa Kiixil, lugha ya huku, lakini sauti za namna ile hazihitaji tafsiri. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, jambo ambalo halikusaidia, na Petrona akanyoosha mikono kumchukua mwanawe.

"Si lake," Feliciana alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Ilibidi arudie.

"Jicho si lake. Ni langu. Nina mimba. Jana nilimtazama usiku kucha na sikumshika."

Nana Engracia aligeuka. Alimtazama usoni, kisha chini, kisha usoni tena, na ilikuwa kama anafungua mlango aliokuwa anajua uko wazi. Hakuuliza ya miezi mingapi. Alimtoa Gaspar mikononi mwa Signe, akamvutia Feliciana chini kwa bega, akamfungua vifungo vya sweta, akainua blauzi, na mtoto akamlaza pale, ngozi kwa ngozi, kwenye jasho la mlima wote ule.

"Msugue," alisema. "Na usimwonee haya."

Feliciana alimsugua. Kichwa, masikio, nyayo, mgongo uliokuwa mdogo kuliko kiganja chake. Alilowesha kidole mdomoni akampaka kwenye kope. Mtoto alikuwa wa moto, na alinuka maziwa yaliyochacha, na Feliciana, Mungu amsamehe, alimpenda zaidi kuliko jana. Alihema juu ya utosi wake. Alisema kimyakimya nichukue mimi, kisha akaogopa aliyoyasema na kuyafuta, kisha akayasema tena.

Petrona alisogea karibu.

"Mume wangu alikufuata mpaka mlimani," alisema. "Alisimama mbele yako."

"Nilimpa shali yangu."

"Ulimpa shali." Petrona alikuwa hapazi sauti. "Wangu afe ili wako asijulikane?"

Mbele ya swali kama lile jibu lolote ni matusi. Feliciana aliendelea kusugua, na machozi yalimwangukia Gaspar shingoni, na nana Engracia akasema vizuri, na hayo mpake.

Sijui ilikuwa nini. Huenda lilikuwa jicho, huenda yale maji ya sukari hatimaye yalikaa, huenda alichoka tu. Kijisauti kikakoma. Feliciana aliganda, akamtazama nana, na nana akaweka sikio mgongoni pa mtoto, akakaa hivyo muda mrefu kupita haki. Kisha akasema amelala. Nje mtu akapiga kelele kwamba pikapu inapanda, na Nicolás akasema isubiri, itawapeleka tu hata akiwa amelala. Wanaume wakaanza kusalimia. Mmoja akampa Mikkel kigoda.

Signe alikuwa bado amesimama, koti limechafuka, akitazama midomo ya watu. Aliuliza Feliciana amesema nini. Ikabidi aseme mara ya pili, kwa Kihispania, polepole ili aelewe.

"Nimesema nina mimba."

Uso wa Signe ukafunguka wote. Alipiga makofi, akapiga magoti, akamkumbatia Feliciana yeye na mtoto kwa pamoja, akasema hongera, hongera sana, oh, hongera, na Mikkel naye kutoka kwenye kigoda chake akasema hongera. Mle ndani hakuna mwingine aliyetabasamu. Wanawake walitazama chini. Walisikia wote mara zile mbili, na walijua neno lile lina uzito gani.

"Anasema nini?" nana Engracia aliuliza.

"Ananipa hongera."

Nana alifikiri. "Mwambie tumesikia," alisema, na akaenda kumwaga maji ya ruda nje. Alipokuwa mlangoni alilisukuma shanta la Feliciana kwa mguu mpaka ukutani. Akasema wazungu Nicolás atawafikisha kwenye basi lao, na huyu hapandi mlima mwingine mwaka huu, na asibishane naye.

Petrona alijifunga mbeleko, tayari kwa pikapu. Alikuja, akamchukua mwanawe kutoka kifuani mwa Feliciana bila kukutanisha macho naye, akamfunika shali, akaelekea mlangoni. Kule akasimama. Akageuka, akamwona Feliciana alivyokaa, blauzi bado imeinuliwa, mikono mitupu mapajani.

Akarudi. Alikuwa na hasira bado, na hakujaribu kuificha. Alipiga goti, akamweka Gaspar tena mikononi mwake.

"Mshike," alisema. "Bado unamtazama."